Wageni Kwanza, Mwenyeji Mwisho

Shemeji yangu alikuwa ameshatia kikombe chake mkobani kabla hata sijamaliza vipimo. Ndivyo alivyo huyu mdogo wa mume wangu: hulia kabla ya msiba.

Alikuwa ametengeneza mashine pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta ili kuendesha programu nyingine. Meneja alisema wazi: ikiachwa mbali kwa kasi na zile mbili za wenzetu tulizozichukua nje, itatupwa leo jioni, naye atahamishiwa kwenye simu za wateja. Mimi ndiye mpimaji, na undugu nauacha mlangoni.

Niliendesha sampuli zilezile kwa zote tatu, moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ileile: kupanga majina, kutafuta namba tasa, kukokotoa njia fupi. Yake iliburuta mkia kila mara.

"Shem, usinionee huruma," alisema. "Andika tu ukweli."

"Nani anakuonea huruma? Mimi nina hasira."

Nilikuwa nayo kweli, maana alipoipima bila zile nyingine wiki iliyopita, ilikimbia vizuri mbele ya macho yangu. Niliegemeza kiganja kando ya kibodi nikiwaza, nikakiondoa haraka. Palikuwa pa moto, na feni ilikuwa inalia.

Hapo nikajicheka. Ofisini kwetu tuna mazoea: za wenzetu hutangulia, yetu hufuata, mtu asije akasema tunajipendelea. Basi wageni walikuwa wakila na kushiba, wakituachia kompyuta iliyochemka, nayo ikichemka hujipunguzia mwendo isiungue. Mwenyeji akawa anaambulia ukoko.

Nikaizima ipoe. Safari hii niliipumzisha kabla ya kila kipimo, nikabadilisha pia zamu, nisije nikawaonea wageni nao. Shemeji alisimama nyuma yangu. Yake ikashika nafasi ya pili, na kwenye namba tasa ikaongoza.

Meneja alisoma, akauliza tumepimaje, nikamweleza mpaka aibu yetu ya mazoea. Akafikiri kidogo.

"Ibaki," alisema, akaondoka zake.

Moyo wangu ukatua. Nilifurahi hadi nikajionea haya, mimi niliyeacha undugu mlangoni.

Shemeji akatoa kikombe mkobani, akakirudisha mezani juu ya alama yake ileile ya duara.

"Shem, chai imebaki?"

"Ya kikombe kimoja," nilisema, nikalivuta birika. "Lete chako. Leo mwenyeji anatangulia."