Kidole cha Namalwa

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa nachuma pareto kwenye shamba la mzungu, huko juu ya Nakuru. Nyapara aliuza posho yetu nzuri, akatugawia unga uliooza, watoto wakaharisha. Nikaandika barua bila jina, nikaificha kwenye kikapu cha mayai ya memsahib, mke wa mzungu. Mpishi wake alimwona akiisoma, akamnong'oneza nyapara.

Asubuhi nyapara akatupanga mstari mbele ya karatasi na wino. "Kila mtu aandike jina lake hapa! Anayejua kuandika atalala barabarani leo."

Nilikuwa na mtoto mgongoni. Kambi nzima ni mimi tu niliyefika darasa la tatu, na wanawake wote walijua, maana barua zao za nyumbani niliwaandikia mimi.

Namalwa, mchumaji mwenzangu, akatangulia. "Kalamu yangu ni jembe, nyapara. Nilete?" Tukacheka. Akachovya kidole gumba kwenye wino, akapiga alama karatasini. Wote wakapiga vidole. Nami nikapiga changu.

Jumamosi memsahib alikuja stoo mwenyewe, akanusa ule unga, na nyapara akafukuzwa.

Jioni Namalwa akaniletea karatasi. "Haya mwalimu, niandikie mama." Kidole chake kilikuwa bado cheusi. Ninamkumbuka sana.