Mikono ya Tecla

Kila alipokuwa na miadi ya kliniki, Tecla wa Boito alichemshiwa maji na mumewe, Kipyegon. Alichovya mikono humo, akiisugua kwa ndimu mpaka weusi wa utomvu wa majani chai ufifie. Hakutaka daktari amwone kama mtu aliyetoka kuchimba kaburi.

Miaka mitatu sasa alikuwa akikohoa kikohozi kikavu. Kilima cha kutoka kituo cha kuuzia majani, alichokuwa akikipanda huku anaimba, sasa alikipanda kwa kupumzika mara tatu. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita, ingawa makohozi hayakuonyesha kijidudu. Akapewa ya kuvuta, ya pumu. Wapi! Aliogopa sana kuzikwa na ugonjwa usio na jina, na hofu hiyo alimwambia Mungu peke yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tecla hakuficha maradhi, maskini. Alificha mikono tu.

Asubuhi ya miadi iliyofuata lori la majani lilifika mapema, naye akatoka shambani moja kwa moja hadi kliniki, bila kuosha mikono, baridi ya alfajiri ingali vidoleni. Daktari alikuwa mgeni, msichana aitwaye Janeffer. Akanyoosha mkono kumsalimu. Tecla akauvuta wake ndani ya leso, lakini mkono wa daktari ukabaki hewani ukingoja, na kwao kukataa salamu ni aibu kubwa kuliko uchafu. Akampa.

Daktari hakuuachilia. Juu ya weusi wa utomvu, ncha za vidole zilikuwa nyeupe kama unga.

"Mama, vidole vinakuwanga hivi?"

"Hiyo ni baridi tu, daktari. Sisi watu wa majani tumezoea."

"Na asubuhi viungo vinakaza?"

"Mpaka saa nne. Lakini mimi nimekuja juu ya kifua."

Alipimwa damu, akapigwa picha ya mapafu kwa mashine kubwa. Baada ya wiki mbili wakarudi, yeye na Kipyegon.

"Kinga ya mwili imekugeuka," Janeffer akasema. "Inapiga viungo, ngozi na mapafu. Ni magonjwa mawili yameshikana." Akayataja majina yake, akayaandika kwenye kadi ya Tecla.

"Yataisha?"

"Makovu ya mapafu yatabaki. Tutajaribu yasiongezeke. Dawa kila siku, kupima pumzi kila miezi mitatu, moshi hapana, na mikono isishikwe na baridi. Hii mikono ndiyo ilituambia. Mbona hukuionyesha?"

"Nilikuwa naiosha na maji moto."

"Maji moto ndiyo yaliificha. Vidole vikipata joto, weupe unapotea."

Tecla alilia, na alilia kwa furaha. Ugonjwa ulikuwa na jina.

Nyumbani, Kipyegon alisimama na sufuria tupu mkononi.

"Tecla, hayo maji ni mimi nilikuwa nachemsha."

Tecla akampa mikono yake, iliyokuwa imegeuka myeupe tena kwa baridi ya njiani.

"Basi chemsha tena, Baba Nelvine. Sasa ni dawa."

Kipyegon akabeba jiko, akalitoa nje mbali na mlango, akainama kupuliza makaa.