Chuo Kilicho Karibu na Baba

Mtandao wa kuchagua vyuo ulikuwa unafungwa Ijumaa, na kufikia Jumatano Truphosa Masinde alikuwa amejaza chaguo moja tu: diploma ya uchimbaji madini katika chuo cha ufundi kule Kakamega.

Mwalimu wake wa fizikia, Bi. Chepkemboi, aliposikia alimpigia simu. "Una B plus, Truphosa. Unaweza kusomea uhandisi wa madini, digrii kamili, chuo kikuu cha Voi au cha Juja. Diploma ya nini?"

"Napenda hiyo ya Kakamega, madam."

Sababu hakuitaja. Miaka minne iliyopita shamba la maua walikofanya kazi wazazi wake lilipunguza wafanyakazi, na baba yake, Masinde, akaondoka Karagita, mtaa wao wa Naivasha, kwenda kuchimba dhahabu Ikolomani. Tangu hapo alikuwa amerudi mara mbili. Mara ya mwisho Truphosa alifunga shule akakuta baba ameondoka asubuhi hiyo hiyo. Shati lake lilikuwa limesahaulika kwenye kamba nje ya chumba chao, bado bichi. Msichana alisimama pale amelishika mpaka mama akamwita ndani.

Chuo cha Kakamega hakikuwa mbali na mashimo ya Ikolomani. Jumapili angekuwa akipanda pikipiki, anamfulia baba, anampikia, wanakaa tu.

Jioni hiyo mama yake, Nafula, alitoka shambani, mikono imekwaruzwa na miiba ya waridi. Truphosa alimweleza yote. Nafula hakubishana. Alimpigia mumewe, akaweka spika.

"Baba Truphosa, mtoto anaacha digrii ndio akae karibu na wewe. Ongea naye."

Nyuma ya Masinde mashine ya kusaga mawe ilinguruma, kisha ikazimwa.

"Truphosa, unajua nikiingia shimoni nafanya nini kwanza?"

"Hapana, baba."

"Nagonga dari na nyundo, nasikiliza. Ikilia vizuri, nachimba. Ikilia vibaya, natoka. Mwezi wa tatu rafiki yangu Wanyonyi aligonga, ikalia vizuri. Tulimzika Jumamosi iliyofuata."

"Hukutuambia."

"Ningewaambia nini? Huku hakuna mtu wa kupima huo mwamba, mwanangu. Ukija utanipikia, na nitafurahi, sikudanganyi. Hata mimi nawakumbuka mpaka chakula kinanishinda. Lakini nenda mahali watakufundisha kupima."

"Voi ni mbali. Nitakuona lini?"

"Sijui," Masinde alisema.

Alhamisi Truphosa alienda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, akafuta Kakamega. Aliandika Voi badala ya Juja, kwa sababu huko Taita kuna migodi, na alitaka kuingia ndani ya mgodi, si kuuona kwenye picha. Alipobonyeza kitufe cha mwisho alilia, na mwenye saiba akajifanya anatengeneza printa.

Siku ya kuondoka kwenda Voi kupitia Nairobi, Masinde alitokea stendi ya Naivasha bila kumwambia mtu. Alikuwa amekonda, na masharubu yamepata mvi. Waliingia hotelini wote watatu, wakaagiza chai na chapati. Truphosa alikuwa na maneno ya miaka minne, lakini baba aliomba barua ya chuo, akaisoma polepole, kila mstari, akairudia tena. Nafula alimsogezea chapati yake, akasema ale. Nusu saa ikaisha hivyo. Kondakta alipoita abiria wa Nairobi, Masinde alibeba begi mpaka mlangoni mwa gari, akamshika binti yake kichwani kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

Jumapili ya kwanza Voi, Truphosa alimpigia baba mara tatu. Simu ililia bila kushikwa, naye akajua yuko shimoni. Alikaa kwenye ngazi za hosteli, kitabu cha miamba kikiwa wazi mapajani, asisome hata neno. Karibu na saa kumi na moja simu ikaita.

"Umekula?" baba akauliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Bado. Natoka tu saa hii."

Truphosa alifunga kitabu, na hakuna aliyekata simu.