Sakafu ya Mzee Shantilal

Sista Chepchirchir, muuguzi wa wodi, hakumruhusu mgonjwa yeyote kwenda kufia nyumbani kabla yeye mwenyewe hajaona mahali mgonjwa atakapolala. Daktari aliposema dawa hazisaidii tena, hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Mimi Ngigi, dereva wa Landrova ya hospitali, nilimpeleka Ndabibi, Mai Mahiu, kokote. Aliingia nyumba za watu na kuuliza maswali kama karani wa sensa. Maji mnachota wapi? Nani hapa ana usingizi mzito? Mgonjwa akifumbua macho asubuhi, ataona nini?

Mwaka wa sabini na moja tulikwenda mtaa wa Section 58, nyumbani kwa Mzee Shantilal, muuza vitambaa. Saratani ya ini ilikuwa imemmaliza, na ombi lake lilikuwa moja tu: asifie wodini. Mwanawe Kirit alitupokea akiwa na tai shingoni, akatuonyesha kitanda kipya cha springi, kirefu kwenda juu kama meza ya kupasulia.

"Hata hospitali yenu haina kama hiki," alisema.

Sista akaridhika. Tuliporudi wodini akampa mzee habari njema. Mzee akageukia ukuta.

"Basi mimi kaa hapa hapa."

"Mzee, wenzako wanalia watoke humu," nikamwambia, "wewe unakataa kwa sababu ya kitanda kizuri?"

"Ngigi, wewe endesha gari," Sista alinikata. Akavuta kiti. "Mzee, nyumbani unataka kulala wapi?"

"Chini."

"Kwenye sakafu?"

"Chini," akarudia, akafumba macho.

Daktari aliposikia alisema ni homa. Sista hakukubali upesi hivyo. Swali likimwingia ni kama mwiba, lazima autoe. Mchana, Champa, mke wa mzee, alipoleta chakula katika vibweta vyake vya bati, Sista alimfuata mpaka dirishani, nami nyuma yao.

"Mama Kirit, kwa nini chini?"

Champa alitazama mlango kwanza. "Kwetu mtu akikaribia kwenda, tunamshusha kitandani. Tunamlaza chini, mahali palipopakwa mavi ya ng'ombe, pakawa safi. Kirit anaona haya. Anasema mtatuita washenzi."

"Mavi ya ng'ombe?"

"Nilijua utashangaa."

"Mavi siyashangai, nimekulia juu yake. Nashangaa kwamba hata nyinyi..." Hakumaliza. Akanigeukia. "Ngigi, ng'ombe wa karibu wako wapi?"

"Sista! Mimi ni dereva wa serikali!"

"Hata serikali inakunywa maziwa. Nenda. Mavi yawe ya leo, si ya jana. Na majivu."

Nilikwenda kwa muuza maziwa upande wa Menengai, nikarudi na debe, vioo vyote vya gari nimeshusha.

Tulipofika Section 58, Kirit alisimama mlangoni, leso puani. "Sista, tafadhali. Hii ni simenti, tumeing'arisha kwa nta."

"Kirit, baba yako ana nguvu ya safari moja tu. Au afie wodini, wewe ubaki na kitanda?"

Kirit alivua koti, tukakitoa kitanda nje, yeye na mimi.

Champa alijifunga sari kiunoni. Sista akakunja mikono ya sare yake. Walianza pembe mbili za chumba, wakipaka huku wakirudi nyuma kuelekea mlangoni. Simenti ilikuwa laini, mchanganyiko ukateleza. Sista akaongeza majivu na udongo, ukashika. Nikawa natazama mikono. Mkono wa Champa ulichora nusu mwezi juu ya nusu mwezi. Wa Sista ulichora vile vile.

"Nani alikufundisha?" Champa aliuliza.

"Mama, kule Londiani. Na wewe?"

"Mama, kule Jamnagar, ng'ambo ya bahari."

"Sasa hao wawili walikutana wapi?" Sista aliuliza, wala hakuwa anatania.

Kesho yake tulimleta mzee. Sista alikuwa na sharti lake: awe na godoro jembamba, na ageuzwe mara kwa mara ili mgongo usichubuke. Tukamlaza. Mzee alitoa mkono nje ya godoro, akaipapasa sakafu.

"Hapa Champa," akasema. Mkono ukasogea. "Hapa nani?"

"Mimi, mzee," Sista akajibu.

"Mkono yako nzito."

Champa alificha kicheko kwa ncha ya sari. Mimi nilishindwa kujizuia. "Mzee, niambie. Kwa nini chini?"

"Dereva, mtu ya kitanda naweza anguka. Mtu ya chini taanguka wapi?"

Wiki iliyofuata Kirit alikuja hospitalini mwenyewe kutuambia kwamba baba yake amekwenda, alfajiri, bila kelele. Hakuwa na tai. Kwenye mkono wa shati lake jeupe palikuwa na doa la kijani lililokauka. Nikamwonyesha.

"Najua," alisema. "Palikuwa pamepasuka karibu na mlango. Jana nilipapaka tena."