Pakiti ya Mashine Namba Mbili

Msinicheke. Leo nimelia kazini kwa sababu ya pakiti ya krispi za viazi.

Mimi ni mpimaji katika maabara ya kiwanda. Watu hulalamika eti pakiti imejaa upepo, tunawaibia. Jamani! Ule si upepo. Ni naitrojeni, tunaipuliza humo ili oksijeni itoke, maana oksijeni ndiyo inayoharibu mafuta. Halafu huo mto wa gesi huzuia krispi zisivunjikevunjike njiani. Lakini mshono wa juu ukivuja, yote hayo ni kazi bure.

Mshono alikuwa akiufunga mdogo wangu, kwenye mashine namba mbili. Miezi sita iliyopita nilizamisha pakiti zake kwenye tangi la maji nikaona viputo. Nikaandika: zinavuja.

"Dada, hiyo ni hewa iliyonasa kwenye mkunjo wa nje," alisema. "Ifute kwa kidole, uzamishe tena."

Nikamwambia mbele ya watu asinifundishe kazi. Akafukuzwa siku hiyohiyo, akahama mji, na simu zangu hapokei. Nimemkumbuka mpaka basi. Hata lile lisauti lake la kuimba bafuni nalitamani.

Sasa, kila zamu tunahifadhi pakiti moja ya kila mashine kabatini mpaka muda wake uishe, ndipo tunaifungua. Leo ilikuwa ya mashine yake, zamu yake ile ya mwisho. Kama ilivuja kweli, unyevu ungekuwa umeilainisha zamani. Niliomba iwe imelainika, Mungu anisamehe, angalau nijue sikumwonea.

Nikaichana. Nikatia moja mdomoni. Ikavunjika kwa mlio mkavu, kama imekaangwa asubuhi.

"Vipi, laini?" akauliza mkuu wa maabara.

"Kavu," nikasema, machozi yakanitoka. "Andika kosa lilikuwa langu."

Nikatoka nje na pakiti yangu. Ikishafunguliwa haina dawa, hewa ikiingia hazifiki kesho. Nikampigia, hakupokea. Basi nikarekodi ujumbe wa sauti: nikatafuna moja karibu kabisa na simu, kisha nikasema, "Umesikia? Ulisema kweli, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Nikakaa kwenye ngazi, nikaukunja mdomo wa pakiti na kuubana kwa vidole. Saa nzima ilipita kabla simu haijatikisika.

"Usizimalize, dada."