Boksi la Mwisho la Emery

Boksi la vitabu la Jumatano lilifika dukani saa nne asubuhi kama kawaida, na Lorna Szabo akaweka sahihi bila hata kulitazama. Dereva alimwambia barabara ya kando ya mto imeganda, awe mwangalifu akitoka. Lorna akajibu asante. Tangu Novemba alikuwa akijibu asante kwa kila kitu: kwa waliompa pole, kwa jirani aliyemletea sufuria ya kuku wa paprika, na hata kwa mtu aliyepiga simu kimakosa akimtafuta fundi wa boila.

Hilo lilikuwa boksi la mwisho, na aliyejua ni yeye peke yake.

Duka la vitabu vya katuni haliendeshwi kama duka la mikate. Kila mwezi huja orodha nene ya vitabu ambavyo bado havijatoka, vingine hata kuchorwa havijamalizwa, na mwenye duka anajaza kwenye vijisanduku anataka nakala ngapi za kipi. Vitabu vyenyewe huja miezi miwili na ushei baadaye, boksi moja kila Jumatano. Mchapaji anachapa kwa hesabu ya walioagiza. Usichoagiza hakichapwi kwa ajili yako, na ulichoagiza hakirudi kilikotoka, hata kikikudodea mpaka kipauke. Emery, mumewe Lorna, aliifanya kazi hiyo ya kubahatisha kwa miaka thelathini na mitatu, hapo hapo upande wa mashariki wa mji wa Toledo, Marekani. Orodha yake ya mwisho, ya vitabu vya Januari, aliituma Jumatano moja ya Novemba. Ijumaa moyo wake ulisimama jikoni, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi.

Basi tangu siku ile, kila Jumatano ilikuwa imeshapangwa na marehemu. Lorna alifungua tu maboksi na kugawa alichochagua Emery. Watu wakamsifu, wakasema mama yule ni jasiri, duka halikuyumba hata wiki moja. Hawakujua kwamba haendeshi chochote. Orodha ya vitabu vya Februari ililala mezani mpaka siku yake ikapita. Ya vitabu vya Machi ikafuata. Sasa ilikuwepo ya tatu, ya vitabu vya Aprili, imelala kwenye kaunta chini ya furushi la mifuko ya plastiki, na mwisho wa kuituma ulikuwa leo hii saa kumi na moja jioni. Hiyo nayo ikipita, hakuna duka tena. Lorna alilijua hilo kama mtu anavyojua kuwa nje kuna baridi.

Wala usidhani alikuwa ameamua kufunga. Kuamua kunataka nguvu. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Msibani hakulia, makaburini hakulia, na shangazi wa Emery aliyetoka Cleveland akalitangaza jambo hilo kwa kila aliyemshika mkono.

Duka lenyewe lilikuwa limeshakufa na kufufuka mara nyingi kuliko wanavyodhani wapita njia. Kuna wakati watu walipanga foleni mpaka kwenye kona ya kanisa, watu wazima wenye akili zao na wajukuu, kununua kitabu kimoja chenye jalada la kung'aa, nakala kumi kumi, na hakuna aliyekisoma. Walikuwa wakiwawekea watoto akiba ya masomo. Baadaye ikagundulika kila nyumba Marekani ina nakala kumi za kitabu kile kile, na akiba ikageuka karatasi. Maduka mengine mjini yakafungwa mwaka ule. Emery akabaki na shehena ghalani, akaikalia miaka, akiifanyia utani. Zikaja sinema za mashujaa wa katuni na watu wapya, kisha watu wapya wakabaki na sinema. Ikaja simu, kila mtu akasomea kwenye kioo. Ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima, na kwa wiki kadhaa hakikutoka kitabu hata kimoja. Kila mara Emery alisema watu wakirudi kumi, kumi wanatosha. Walirudi arobaini, akashangaa.

Hao arobaini ndio walioitwa wateja wa kuwekewa. Nyuma ya kaunta kulikuwa na boksi refu jeupe, ndani yake kadi zenye majina zimepangwa kwa herufi, na nyuma ya kila kadi mtu anawekewa vitabu vyake vya wiki. Haombi. Anaingia, anapewa vyake, anasimama saa nzima kubishana, anaondoka.

Saa tano wakaingia wawili wa kwanza. Clyde Gaines, mstaafu wa kiwanda cha vioo, alikuwa amevaa kofia mbili moja juu ya nyingine. Nyuma yake alikuwa Marcy Dombrowski, dereva wa basi la shule, mwenye nafasi kidogo kati ya zamu ya asubuhi na ya mchana.

"Shemeji, hujambo," alisema Clyde.

"Sijambo, asante."

"Kofia mbili, babu?" Marcy alimwuliza Clyde. "Una vichwa vingapi?"

"Kimoja, ila kina kitu ndani. Wewe chako hata leso inakitosha."

Lorna aliwapa vyao. Marcy alifungua chake hapo hapo, akaruka mpaka ukurasa wa mwisho, akakunja uso.

"Wamemuua," alisema. "Yule dada wa baharini, shujaa wangu, wamemuua kweli. Wamemzika na jeneza."

"Mara ya ngapi hii?" Clyde aliuliza.

"Ya tatu."

"Sasa unanuna nini? Huko vitabuni hakuna anayekufa moja kwa moja. Mwezi ujao utamkuta anakunywa chai."

Alikuwa ameshalisema, mbele ya mjane. Clyde akaikodolea macho sakafu, Marcy akapekuapekua kurasa. Lorna aliona kwamba wanamwonea huruma, na akaona pia kwamba haimgusi.

"Hakuna neno," alisema.

"Ila hicho cha mwezi ujao uniwekee, Lorna," Marcy alisema upesi. "Huyu akifufuka mimi sipo, nitaumwa."

"Nitakuwekea."

Marcy alimshika bega, akatoka kuwahi basi lake. Lorna alibaki akiutazama mlango. Alikuwa hajamdanganya mteja tangu waoane na Emery, na sasa amedanganya bila kupepesa jicho, kwa jambo ambalo litajulikana baada ya wiki moja. Alijaribu kuona haya. Haya haikuja.

Clyde alikuwa ameegemea kaunta na vyake vinne. "Na mimi yule mpelelezi wangu, Februari anatoka sehemu ya pili. Usimsahau."

"Hatoki."

"Wameahirisha?"

"Anatoka. Ila hapa haji." Lorna alizungumza kwa sauti ile ile ya kutaja hali ya hewa. "Sikuagiza, Clyde. Hili boksi ni la Emery, la mwisho. Februari hakuna kitu, na Machi hakuna."

Clyde alivua kofia moja. "Hukuagiza kipi?"

"Chochote."

"Si uwapigie tu simu wakubakishie?"

"Wanachapa walichoagizwa, unajua mwenyewe. Vinavyobaki ni kimoja hapa, kimoja pale."

Alidhani atamtuliza, kama watu wote walivyomtuliza tangu Novemba. Lakini Clyde alikasirika. Alikasirika kwelikweli, mpaka mdomo ukamcheza.

"Kwa hiyo ungetuacha tuje," alisema. "Jumatano ijayo tungekuja, watu wazima, tukusimamie hapa mikono mitupu, na wewe unatutazama."

"Sikufikiria hivyo. Sifikirii kitu siku hizi, shemeji."

"Umefiwa, sikatai. Mimi ndiye niliyebeba jeneza mbele kushoto. Lakini usinifanye mpita njia. Tangu nistaafu, kwa wiki nina siku moja tu ya kuvaa viatu vya kutokea. Siku yenyewe unaijua?"

"Jumatano."

"Basi." Aliivaa tena kofia yake, akaivua. "Alhamisi mpaka Jumanne naongea na televisheni. Nayo haijibu."

Lorna aliinama juu ya kaunta. Akaliondoa furushi la mifuko, akamsogezea orodha. Clyde aliifungua ukurasa wa kwanza. Vijisanduku vyote vilikuwa vyeupe.

"Mwisho lini?"

"Leo. Saa kumi na moja."

Clyde alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa sita kasorobo. "Jaza."

"Nijaze nini? Mimi hivi vitabu sivisomi. Sijawahi kumaliza hata kimoja, nawaona tu watu wamevaa nguo za kubana wanarushana ukutani. Emery ndiye aliyejua kipi kitatembea. Nikikosea navikalia mpaka nife."

"Kwani unataka duka lifungwe?"

Kwa wiki kumi na moja hakuna aliyemwuliza hivyo. Walimwuliza anakula, analala, anahitaji nini. Lorna alilitafuta jibu ndani yake. Alichokiona ni uso wa Marcy Jumatano ijayo, akinyoosha shingo juu ya kaunta kuona amewekewa nini.

"Sitaki niwe nimemdanganya Marcy," alisema.

"Hilo la Februari limeshaharibika. Tutamwambia mimi na wewe, na atatutukana wote wawili. Aprili je?"

"Vitabu sivijui, Clyde," alisema Lorna, akiligeukia boksi la kadi. "Watu ndio nawajua."

Ndivyo walivyofanya. Clyde alilishusha boksi refu jeupe, akakaa nalo kwenye kigoda kama mtu anayepukuchua mahindi, akawa anasoma kadi moja baada ya nyingine. Lorna alishika kalamu. Jina likisomwa, alijua yote: mtu huyu anachukua vipi, vipi aliviacha, vipi anajifanya anamnunulia mpwa wake.

"Bodnar."

"Padri mstaafu. Vile vya damu, vyote vitatu. Na kile cha mazombi."

"Padri?"

"Usimseme mtu. Mwandikie."

"Wewe ndiye unayeandika. Csongor, ndugu wawili."

"Kila kimoja nakala mbili. Nyumba moja, hawazungumzi tangu mama yao afe. Ukiwapa kimoja watauana."

"Farkas."

"Amehamia Arizona. Toa kadi."

Clyde alicheka, na Lorna akajisikia mdomo wake nao umevutika kidogo pembeni. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Moja hapa, mbili pale, tatu kwa yule mpelelezi wa Clyde, kwa sababu kuna mwalimu mmoja aliyekuwa akiuliza. Saa nane walikula mkate wa soseji wamesimama. Saa tisa waliifikia herufi M, wakagombana juu ya mteja aliyefungwa jela, kama aendelee kuwekewa. Lorna alisema aendelee, anatoka Mei. Kurasa zilijaa namba. Sauti ya Clyde ilikuwa imeingia ule mwendo wa mtu aliyezoea zamu za kiwandani, jina, swali, jina, swali, hasikilizi tena anachosoma.

"Sandoval."

"Viwili. Vya farasi."

"Szabo, E. Anawekewa ngapi?"

Neno lilikuwa limetoka. Clyde aliinua uso na kadi mkononi, na rangi ikamtoka. "Lorna. Jamani, nisamehe, nilikuwa nasoma tu."

Lorna alisimamisha kalamu. Alikuwa anakitazama kijisanduku kimoja katikati ya ukurasa. Kilikuwa cha kijitabu cheusi na cheupe, habari za mpishi wa treni za mizigo, kilichochorwa na mzee mmoja wa Nebraska na kuchapwa naye mwenyewe. Duka zima aliyekisoma alikuwa Emery peke yake. Kila mwezi aliagiza nakala moja, akaisomea chooni, akarudi na kumsimulia Lorna yule mpishi safari hii kapika nini, na yeye akaitikia ee, ee, huku anafanya mambo yake. Miaka tisa aliitikia ee. Hata jina la mpishi hakulijua.

Akiandika moja, huko Nebraska mzee yule atachapa nakala moja zaidi kwa ajili ya mtu aliye chini ya theluji. Kijisanduku hakikuuliza kitu kingine. Kilitaka namba.

"Sifuri," alisema.

Akaiandika. Ilikuwa sifuri ndogo, imepinda upande. Ganzi ilimwachia kama inavyoachia miguu iliyotoka kwenye theluji, na mtu aliyewahi kuganda hivyo anajua kwamba hapo ndipo maumivu yanapoanza. Lorna alilaza kichwa juu ya orodha, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, bila adabu, kamasi zikamtoka, akalia mpaka mtu aliyekuwa anasukuma mlango aingie akaurudisha taratibu na kwenda zake. Clyde alisimama na ile kadi mkononi, hajui airudishe kwenye boksi au aiweke mfukoni. Mwisho akampa Lorna, na Lorna akaishika.

Saa kumi na robo alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Wino wa ukurasa ule ulikuwa umechafuka, ila namba zilisomeka.

"Nani anafuata?" aliuliza.

"Tunaweza kupumzika kidogo, shemeji."

"Bado dakika arobaini na tano. Nani?"

Clyde alikohoa. "Vargo. Yule wa gereji."

"Vitatu," alisema Lorna, na akaandika.