Kikaango cha Madamu

Mimi sikumpenda mavyaa wa Anjela, mama wa mumewe, tangu siku alipoteremka kwenye basi la Lushoto na kikapu chake cha maharage. Nasema wazi, maana wengine pale nyumbani walijifanya wanampenda. Mama Ernesti, jina lake la ubatizo Yudith, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mtu wa milimani, na maneno hakuwa nayo. Ukimwambia shikamoo anaitikia marahaba, kisha basi. Kwetu Pemba mtu akinyamaza namna ile ujue ana jambo, na mimi jambo lake nilikuwa nalijua. Au nilijidai nalijua.

Wakati ule, mwaka wa hamsini na nane, mimi na mume wangu Massoud tulipanga chumba cha mbele katika nyumba moja Chumbageni. Ernesti na mkewe Anjela walikaa chumba cha nyuma, karibu na kisima. Ernesti alikuwa mpishi wa Mfaransa mmoja kule Ras Kazone, fundi mkuu wa mitambo ya mkonge. Anjela alikuwa mtoto wa manamba, vibarua wa mkonge wa Pongwe, Mkatoliki, mpole kupita kiasi, na alikuwa ameshaharibikiwa mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imeshaingia mwezi wa saba. Alitembea uwani taratibu, kama aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni kichwani, na sisi wanawake wa nyumba nzima tulitembea naye hivyo hivyo kwa mioyo yetu.

Sasa mimba imefika pale, mavyaa huyo anashuka kutoka milimani. Niliona amekuja kukagua. Nikasema moyoni, hii nayo ikitoka, bibi huyu atamtafutia mwanawe mke mwingine, Mlutheri mwenzao, mwenye nyonga pana. Anjela mwenyewe aliniambia hivyo huku analia, kwenye kamba ya kuanikia nguo. "Hanitazami usoni, dada Mwatum," alisema. "Anatazama tumbo tu."

Sasa niseme habari ya kikaango. Madamu, mke wa yule Mfaransa, alitumiwa na dada yake vikaango viwili kutoka kwao, akampa Ernesti kimoja. Kwa nje kilikuwa cheupe kama sufuria zetu, lakini kwa ndani kilikuwa cheusi ti, laini ukikigusa. Siku ya kwanza Ernesti alikaanga yai bila mafuta hata tone, akakiinamisha, na lile yai likateleza lenyewe mpaka kwenye sahani. Uwa mzima ulikuja kutazama. Massoud alikataa kulila lile yai, akasema chakula kisichoshika chombo kina mkono wa jini.

Lakini kikaango kilikuja na masharti. Madamu alikataza kisu, akakataza kijiko cha chuma, akakataza mchanga. Mwiko wa mti tu, na kitambaa laini. Ernesti hakuuliza kwa nini. Mpishi wa mzungu haulizi kwa nini, angeuliza asubuhi mpaka jioni na chakula kisingepikwa. Alimpa mkewe masharti yale yale na Anjela akayashika.

Balaa ni kichanja. Asiyejua mambo yetu nitamwambia: mwanamke hapa uso wake ni kichanja chake cha vyombo. Sufuria zinasuguliwa kwa mchanga na makumbi ya nazi mpaka ukitaka kupaka wanja unajitazamia humo humo, kisha zinapangwa juani, ndani kukitazama nje, na kila anayepita uwani anakagua kichanja kabla hajapiga hodi. Na pale katikati ya sufuria za Anjela zinazong'aa, kimekaa kidude cheusi. Sisi tulishakizoea. Mavyaa hakuwa amezoea, na hakuna aliyemweleza, kwa sababu nani alikuwa anaongea naye?

Jumamosi ile nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amekaa kwenye kigoda, kikaango mapajani, mchanga mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amesugua muda mrefu, jasho linamtoka. Akakinyanyua anionyeshe, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake.

"Sasa kimekuwa chombo," alisema.

Kikaango kilikuwa cheupe. Ni pembeni tu, kwenye kona ya ukingo, palikuwa pamebaki weusi mgumu uliomshinda. Nikajua Ernesti atakasirika. Lakini kazi imekwisha, mama wa watu anacheka, nami nikanyamaza nikaenda kumenya mihogo yangu.

Alimkaangia mkwewe changu wawili, mafuta ya nazi yakachemka sana, akawageuza kwa kijiko cha bati, krr, krr. Ule weusi wa ukingoni ukabanduka, ukawagandia samaki vipande vidogo vidogo. Yeye aliona ni pilipili manga au masizi. Anjela alikula wote. Mkwe akikupikia huachi kitu, hata kama roho haitaki.

Ndipo Ernesti akaja kwa mapumziko ya mchana. Aliegemeza baiskeli, akatazama kichanja, akasimama.

"Nani amekwangua kikaango?"

"Mimi," mama yake akasema. "Kilikuwa kinamtia aibu mkeo."

"Mama! Madamu kakataza! Ule weusi umekwenda wapi?"

Wote tuliitazama sahani ya Anjela, miiba mitupu, na juu ya miiba vile vipande vyeusi.

Hapo nikafungua mdomo wangu, na sijutii, nilisema nilichokijua. Kwetu Pemba arusi zilikuwa zinapikwa kwenye masufuria ya shaba, na ndani lazima yapakwe bati. Bati likichakaa, ukapikia kitu cha ndimu, watu wanatapika nyongo. Nilishuhudia mwenyewe nikiwa mwari. "Kitu kinachopakwa ndani ya chombo," nikawaambia, "kimewekwa kuficha kitu. Na mzungu hakatazi bure."

Lo! Nilivyosema hivyo, uwa ukageuka soko. Bibiana wa chumba cha pili akaleta maziwa, akamshikilia Anjela kidevu mpaka kibakuli kikaisha. Mimi nikakuna nazi, nikamnywesha tui zito. Mama mwenye nyumba akaja na mayai mabichi, akasema ute wa yai unashika sumu. Kila mmoja na dawa yake, na kila dawa ilipita koo lile lile. Anjela alinywa vyote huku mikono imekumbatia tumbo, machozi yanatiririka. Halafu akatapika. Akatapika tena. Kisha akajikunja.

"Tumbo linakaza," alisema. "Dada Mwatum, linakaza kama zile siku."

Sitaki kuukumbuka uso wake. Ernesti alitaka kumkimbiza hospitali, halafu akashika kichwa: daktari atauliza amekula sumu gani, naye amtajie nini? Akarukia baiskeli kwenda kumuuliza Madamu, mnyororo unalia njia nzima.

Na mavyaa? Mavyaa alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, ameelekea ukutani. Hakuleta maziwa, hakushika mkono wa mkwewe. Midomo inacheza, anasema kitu kwa Kishambaa. Nilikasirika, acha kabisa. Nikamwendea.

"Mama, mwanao anaumia, na wewe unatazama ukuta?"

Hakugeuka. Nikaona mikono yake, mchanga bado umo kwenye kucha, na maneno yaliyobaki mdomoni mwangu nikayameza.

Jua halijaanza kupoa tukasikia gari. Kigari kidogo cha Madamu kimesimama mlangoni, baiskeli ya Ernesti imefungwa kamba nyuma, naye Madamu anaingia uwani bila hodi, na viatu vya nyumbani, mkononi kikaango chake mwenyewe na uma. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni.

"Hapana sumu!" alisema kwa sauti. "Hapana sumu, mimi nasema! Nani kula?"

Tukamwonyesha Anjela. Akapiga magoti pale kwenye mkeka, akamtazama, kisha akatutazama sisi na vibakuli vyetu, akaona tunamwangalia bila kumwamini. Akashika uma. Akakikwangua kikaango chake kizuri, kipya, mistari mpaka chini, roho ikaniuma kama vile ni chombo changu mwenyewe. Akaokota kipande cheusi kwa ncha ya kidole, akatuonyesha sote, akakitia mdomoni. Akaomba maji. Akameza.

"Tumbo hapana weza kuvunja hii," alisema. "Naingia nyeusi, natoka nyeusi. Basi."

Bibiana alicheka kwa pua, hakuweza kujizuia. Ernesti akauliza, "Sasa Madamu, kwa nini ulikataza kukwangua?"

Madamu akamshangaa. "Kwa sababu yai nashika, Ernesti! Kikaango naharibika!"

Yai linashika. Basi, hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Akaongeza kitu kimoja, na hicho alikisema kwa kidole juu: tusikiache kikavu motoni mpaka kitoe moshi, moshi wake ni mbaya, dada yake aliwahi kukisahau jikoni akakohoa siku nzima na ndege wake wa tunduni akafa. Hilo ndilo la kuogopa. Samaki hakuna kitu.

Lakini Anjela bado amejikunja, na Madamu hakuwa mjinga, alimgusa tumbo akasema twende hospitali, sasa. Tukampakia. Mavyaa akainuka kwenye kigoda, akaingia garini bila kuulizwa, nami nikajibana pembeni kwa sababu lazima mtu mmoja awepo wa kusema.

Mkunga alikuwa mwanamke mnene asiye na haraka. Akaweka kile kipembe chake cha mti, cha kusikilizia mtoto, juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akahamisha. Akasikiliza. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Mavyaa alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka mdomoni.

"Yumo," mkunga akasema. "Moyo unapiga vizuri kabisa. Na njia imefunga, haji leo. Nani aliyemjaza mama huyu maziwa na mafuta namna hii? Tumbo linakaza kwa kutapika. Anywe maji, alale. Na nyie mwacheni."

Alhamdulillahi. Nilisema kwa sauti, nikasema tena, na kama si aibu ningemkumbatia mkunga yule na kipembe chake.

Wakatuweka kwenye benchi la barazani tumsubiri Ernesti, aliyekuwa anakuja na baiskeli. Anjela katikati, mimi huku, mavyaa kule. Tukakaa. Halafu yule mama asiye na maneno akasema, anatazama mbele tu, hamtazami mtu:

"Ernesti ni wa tatu."

Anjela akageuka. "Mama?"

"Wawili walinitoka. Wa kwanza nilikuwa shambani. Wa pili usiulize. Ernesti hajui, baba yake alikataza nisiseme. Nilipopata barua kwamba yako imefika mwezi wa saba sikulala. Nikasema nishuke nimfulie, nimsugulie vyombo, asiiname." Akakivuta tena kitambaa cha kichwa. "Halafu nikakulisha sumu kwa mkono wangu. Ndivyo nilivyoona. Ningekutazamaje?"

"Nilidhani unanichukia," Anjela alisema.

"Nilikuwa naogopa. Nikikutazama usoni utaona."

Mimi hapo nilijikuta natazama viatu vyangu. Mwanamke huyu nilikuwa nimemtukana moyoni tangu kituo cha basi, na yeye alikuwa anatazama tumbo lile kwa macho ya mtu aliyekwisha kuzika. Anjela akaushika ule mkono wenye mchanga kwenye kucha, akauweka juu ya tumbo, akaubana pale kwa mikono yake miwili. Wakakaa hivyo. Mtoto alisogea, nafikiri, maana mavyaa alishtuka akavuta pumzi, kisha akalia kwa sauti, mbele za watu, mama mzima, na Anjela anamfuta kwa ncha ya kanga yake huku naye analia na kucheka.

Ernesti alitukuta hivyo. Akatupa baiskeli chini, uso umempauka, akadhani mambo yameharibika.

"Nini? Nini? Mama, semeni!"

Anjela akamtazama mavyaa wake usoni, na mavyaa akamtazama.

"Nina njaa," alisema Anjela. "Wamenitapisha samaki wote wa mama."